Panki kwenye Karatasi

Siku kontena liliporudishwa na harufu yake
Lufunga hakufoka. Hilo lilitutisha zaidi.
Alibandika karatasi pale tunapovulia buti,
akaning'iniza kalamu kwa uzi wa nyavu, akasema:
kila mnofu uliolegea, chora kijiti.
Cha tano kilaze juu ya vile vinne,
kama mgonjwa kwenye machela.

Wiki nzima tukachora, shingo upande,
maana sisi wa visu tulishajua atakayebebeshwa.
Tangu kiwanda hiki kifunguliwe hapa Igogo
lawama huanzia ghorofani
na kuishia ndani ya buti zetu, pamoja na maji ya magamba.

Jumatatu vijiti viligeuka nguzo,
ndefu kushoto, fupi kulia,
watoto wa shule mstarini kwa kimo.
"Visu vyenu hivi hapa," akasema,
akigusa kale ka mwisho, kasikofika hata kwenye kifundo cha mguu.
Nyanzobe akacheka kwa sauti. Ndani ya saa za kazi!
Ile ndefu kuliko zote ilikuwa joto.

Haya, joto. Joto la wapi?
Akavuta mstari mrefu, kichwa kulia,
miiba imelala kuelekea mkiani.
"Panki!" tukapiga kelele.
Sisi tunaovua minofu tangu alfajiri
na kuyaona mapanki yakiondoka na toroli kwenda kukaangwa,
leo tunaambiwa turudishe nyama mfupani.
Watu. Mashine. Barafu. Njia. Vipimo.
Shija akasema barafu inakuja imeshalia nusu. Ikaandikwa.
Mtu akasema umeme. Ukaandikwa.
Mwingine, wa nyuma, akasema ziwa lenyewe siku hizi lina homa.
Likaandikwa nalo;
Lufunga hakufuta neno la mtu.

Jioni akaniita peke yangu.
Alikuwa na mstari mwingine: chumba cha baridi, saa kwa saa,
ukipanda na kushuka kati ya mipaka miwili
kama kifua cha mtu aliyelala.
Ila saa nane usiku, kila usiku,
aliyelala anashtuka.

"Zamu ya nani?"

Yangu. Na kreti linalozuia mlango
naliweka mimi.

Kwa nini? Mlango usijifunge.
Kwa nini usijifunge? Kitasa cha ndani kimekufa tangu masika.
Kwa nini hamkusema?
Tulisema. Fundi alikuja, akatazama, akaomba maji ya kunywa, akaenda.
Akauliza tena kwa nini, sasa polepole,
nami nikamwambia habari za Kabula.

Kabula alifungiwa mle dakika thelathini na saba.
Aligonga mlango kwa sangara aliyeganda
mpaka sangara akapasuka,
nasi huku nje mashine zinanguruma.
Tulimkumbuka wakati wa chai, kikombe kimoja kilipobaki.
Leo anauza dagaa Mwaloni;
chenji anahesabu kwa mkono wa kushoto,
vidole viwili vya kulia havijui tena noti ni nini.

Lufunga alishika kalamu juu ya panki lake,
akapita mwiba hadi mwiba.
Watu? Mashine?
Hakuandika. Alinipa kalamu.
Nami nikaiandika *hofu* kichwani, pembeni ya jicho,
kwa mwandiko wangu wa darasa la saba.

Kitasa kililetwa Alhamisi.
Bei yake haifiki kilo tatu za minofu.
Mstari wa saa nane umetulia, wageni wa ukaguzi wanausifu,
na kreti limerudi kwa wenzake.

Lakini kila usiku nikiingia
nakibonyeza kitasa kwa ndani, mara mbili,
kabla sijauachia mlango ujifunge.
Nikitoka, kwenye karatasi ya buti,
nje ya safu zote,
nachora kijiti ambacho hakuna aliyekiomba.